Kibonyeo

Alfajiri, kabla punda wa kwanza kupita na mawe ya ujenzi,
Bi Shumi aliinua leso, akaliona:
juu ya sikio la kulia la mjukuu,
shimo dogo, laini, bila jeraha wala damu,
kana kwamba kidole gumba kiliegemea donge la mkate
kikasahau kuondoka.

"Ni nani mefinya kitwa cha mwana huyu?"
Swali lilikuwa kwangu. Macho yalikuwa mikononi mwangu.

Nikaitazama nami.
Imepokea watoto mia sita na kitu, Lamu na Faza,
hunuka sabuni hata siku ya Idi.
Nikaihoji kama askari: mlivuta? mlibana?
Daftari likajibu kabla yake:
hapakutumika koleo, wala kikombe cha kuvutia.
Mwanakheri alimsukuma mwanawe kwa nguvu zake mwenyewe,
saa kumi na dakika tano.

Keti, Bi Shumi, hapa kwenye benchi.
Fuvu la mwana mchanga si jiwe la matumbawe,
ni kama ganda la dafu changa, huitikia kila kinachoiegemea.
Limeachwa na mianya makusudi, lijikunje, lipite.
Na nyonga ya mama, kwa ndani, nyuma, ina ukingo wa mfupa,
mfano wa vile vizingiti vya juu vya milango ya Mkomani
ambavyo kila mrefu huvijua kwa paji la uso.
Mwana akikaa pale wiki baada ya wiki,
au ngumi yake mwenyewe ikibanwa kati ya kichwa na mfupa,
kizingiti huacha alama.
Huenda hakufinywa na mtu.
Alifinywa na njia.

Akanyamaza. Akafungua fundo la leso, akalifunga tena.
Ndipo akanipa alilokuwa amelificha:
mimba ya miezi saba, Mwanakheri aliteleza ngazini na ndoo,
tumbo likapiga pembe ya kidato.
"Tulimkanda kwa mafuta ya simsim. Yakapita."
Hawakumwambia mtu. Mke mwanguko huitwa mzembe.

Sikumkaripia. Nilisema tu: siku ile ile, Bi Shumi.
Hata bila damu. Hata kama mwana anacheza.

Yapo mengine ambayo hayamo kwenye chati ya ukutani.
Yule binti wa Siyu, miaka kumi na mitano, nyonga bado ya kitoto,
uchungu wa siku mbili,
watu wazima wawili wakimsukuma tumbo kwa viwiko,
na boti ya wagonjwa ikisubiri mafuta.
Kichwa cha mwanawe sikukifananisha na donge la mkate.
Sitakifananisha na kitu.

Tangu hapo, mstari wa uchungu ukichelewa kwenye karatasi,
napiga simu kwanza, dua naisomea ndani ya simu.
Na daktari akishika kikombe, nahesabu kwa sauti, akasirike akitaka:
mvuto wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Wa nne haupo.
Wa nne ni mlango wa chumba cha upasuaji.

Bi Shumi tayari alikuwa na mafuta ya vuguvugu kiganjani,
amkande mwana kichwa, akitengeneze, kama alivyotengenezwa yeye.
Nikaushika mkono ule, nikaufuta kwa kanzu yangu.
Huyu atapigwa picha. Huyu ataangaliwa:
akitapika, akilegea, akitetemeka, akikataa ziwa, niamsheni.
Kidole cha mtu kisiguse pale.

Siku ya arubaini wakaja.
Nilipitisha kidole changu, kimoja, polepole:
palikuwa pamepanda, kama donge lililokumbuka hamira.
Si wote hupanda. Huyu alipanda.

Nyuma yao alisimama mkaza mwana mwingine,
mimba changa, haijaonekana hata kwenye buibui.
"Huyu mwandike leo," akasema Bi Shumi,
"usingoje tumbo."
Alikuwa amefika mlangoni alipogeuka, kama mtu aliyesahau chenji.

"Na ngazini," akasema, "nimefunga kamba."